Mgawa Maji Aliyesema Bado

Siku ya Jumatano Pon kwa kalenda yetu ya Kijava, tarehe thelathini mwezi huu, Pak Ngatiran anastaafu kazi ya ugawaji maji katika kijiji chetu cha Sumberwuni, baada ya kuifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Pak Lurah, mkuu wetu wa kijiji, aliniagiza mimi karani wake niandike ukurasa mmoja tu wa kusomwa kabla ya chakula. Nilimjibu "inggih", neno letu la adabu la kuitikia, kisha nikaenda kuandika nilivyotaka. Wageni mtuvumilie. Wali umefunikwa vizuri na hautapoa, na mtu huyu hatoshi kwenye ukurasa mmoja.

Pak Ngatiran aliingia kazini akiwa kijana aliyeoa majuzi, akilima mahindi na pilipili kwenye kipande cha mkwewe. Mgawa maji aliyemtangulia, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkali. Kiangazi kikifika mifereji ilibeba matusi mengi kuliko maji. Mwaka mmoja watu wawili, wa kitongoji cha juu na wa kitongoji cha chini, walipigana kwa mipini ya majembe pale pale kwenye lango la maji, na yule wa juu, Pak Karso, akarudi nyumbani bila meno ya mbele. Wakubwa wa kijiji wakakaa wakasema: tumejaribu mkali, sasa tujaribu asiyejua kugombana. Macho yote yakamwendea Ngatiran, aliyekuwa akiwamiminia chai. Wakamuuliza, "Wewe utaiweza?" Akajibu, "Inggih." Baadaye alikiri kwamba swali hakulisikia vizuri, maana birika lilikuwa linachemka.

Kwa faida ya watoto wetu waliozaliwa mjini, wanaodhani mchele unaota dukani, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe. Maji yetu yanatoka chini ya mwamba, kwenye chemchemi ya Wuni, juu ya kitongoji cha juu. Yanaingia kwenye banio, ukuta unaoyakinga, yanashuka mfereji mkuu, yanalisha majaruba ya mpunga ya juu, kisha ya chini. Wakati wa mvua hakuna anayemkumbuka mgawa maji. Kiangazi anatafutwa kuliko mkunga, maana yeye ndiye anayesema nani afungue leo na nani angoje kesho. Hana mshahara. Anapewa majaruba ya kijiji alime maadamu yuko kazini, na kwa desturi ya mababu majaruba hayo yako mkiani kabisa, mfereji unapokwisha. Mtu wa juu akiiba maji, sufuria ya kwanza kukosa wali ni ya mgawa maji mwenyewe. Waliobuni desturi hiyo walikuwa wanawajua binadamu.

Sijawahi kumsikia Pak Ngatiran akipaza sauti. Akimkuta mtu ameziba mfereji kwa tope ili maji yote yaingie kwake, hukaa chini ukingoni, akawasha sigara yake ya karafuu, akauliza habari za mtoto, za kuku, za goti la mama yake yule mtu. Anauliza kwa dhati, na anangoja jibu. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu mzima akizibua tope lake mwenyewe huku akiomba radhi, na neno maji halijatajwa hata mara moja. Kaa wakitoboa kingo za mfereji, alikuwa akiingiza mkono kwenye shimo mpaka begani, akawatoa mmoja mmoja na kuwapeleka nyumbani kwa mkewe, Bu Rukini. Bu Rukini husema aliolewa na mwanamume mmoja na kaa wasiohesabika.

Makosa nayo alikuwa nayo, na leo siyo siku ya kuyaficha. Mwaka wake wa nne kazini alisinzia akisikiliza wayang, mchezo wetu wa vikaragosi, redioni, lango la maji likiwa wazi. Maji yakajaa bwawa la Pak Lurah wa wakati ule, yakafurika, na samaki wake wote, aliokuwa akiwanenepesha kwa ajili ya harusi ya bintiye, wakaogelea hadi kwenye majaruba ya kitongoji cha chini. Kulipokucha kitongoji kizima kilinukia samaki wa kukaanga. Pak Lurah akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Jamani, samaki wangu hamjawaona?" Na kila nyumba ikamjibu kwa heshima zote, midomo ikimeremeta mafuta, "Bado, Pak Lurah." Pak Ngatiran akaenda mwenyewe kukiri kosa, akatoa bata wake wote. Wageni wa harusi ile walikula bata na kusifu.

Hiyo "bado" ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu bila hiyo tusingekuwa hapa leo. Kwetu Sumberwuni mtu hamwambii mwenzake hapana. Ukimuuliza bibi wa miaka themanini ambaye hajapata kuolewa kama ana mume, atakujibu: bado. Hapana ni mlango unaofungwa usoni mwa mtu. Bado ni mlango uliorudishwa tu. Na inggih, ambayo wageni huidhani ni ndiyo, mara nyingi ni naam ya mtu aliyesikia anachoambiwa, basi. Sisi kwa sisi tunaelewana. Mtu akisema inggih tunamtazama kidogo machoni, tukajua ni ipi.

Katika watu wote wa kijiji hiki, hakuna aliyekuwa na inggih laini kama Pak Ngatiran. Uliomba maji, inggih. Uliomba kuazima jembe, inggih. Ulimwambia njoo uniezekee paa siku ile ile ambayo mwingine amemwita achimbe kisima, inggih, na siku hiyo ungemkuta anatoka kisimani anakimbilia paani. Bu Rukini alikuwa akisema, "Wenzangu waume zao wana midomo miwili. Wangu ana nusu, na nusu hiyo haina hapana."

Miaka kumi na minane iliyopita akaja Pak Manurung. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya maji ya chupa, Mbataki kutoka Sumatra, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Watu wa kwao wakisema ndiyo, ni ndiyo. Wakisema hapana, vikombe vinatikisika mezani. Aliambiwa kwamba mambo ya maji aulize kwa mgawa maji, akafika barazani kwa Pak Ngatiran, akakaribishwa chai na mihogo ya kukaanga.

"Maji yenu matamu sana, Pak," akasema.

"Inggih."

"Ila yanapotea bure, yanashuka tu bondeni."

"Inggih."

"Sisi tungeyatia kwenye chupa, na kijiji kikapata barabara nzuri, vijana wakapata kazi."

"Inggih."

"Basi mimi na wewe tumekubaliana, chemchemi mnatupa."

"Inggih, inggih, karibu mihogo, Pak."

Pak Manurung akala mihogo, akampa mwenyeji wake mkono kwa nguvu, akaondoka ana furaha. Jikoni mihogo ya pili ilikuwa imeungua, kwa kuwa mpishi alikuwa amesimama na mwiko mkononi anasikiliza. Bu Rukini akatoka, akamwita kama mke anavyomwita baba wa watoto wake.

"Pakne, yule umemwambia nini?"

"Nimemwambia inggih."

"Inggih ipi?"

"Ya kusikia."

"Na yeye amesikia ipi?"

Pak Ngatiran akaanza kukusanya vikombe. Haukupita muda vigingi vyenye rangi nyekundu vikaonekana kuzunguka chemchemi ya Wuni, na vijana wenye kofia za plastiki wakipima mahali mabomba yatakapopita. Kampuni isingeweza kuchukua chemchemi kijiji kisipoikabidhi, lakini kijiji, kwa jinsi Pak Manurung alivyosikia, kilikwisha kukubali, na aliyekubali ni mgawa maji. Kila mtu alijua maana yake. Maji yakichukuliwa mwambani, kiangazi mfereji ungebaki na tope, majaruba ya kitongoji cha chini yangepasuka kwa ukavu, na watu wangeuza ng'ombe wakaenda kubeba zege Jakarta.

Hakuna aliyemgombeza. Laiti wangemgombeza. Watu walishusha sauti alipopita. Walifungua na kufunga maji bila kumuuliza zamu. Alipita kwa Bu Sarti wa kitongoji cha chini, mwanamke aliyesaidiwa naye kufufua kitalu chake cha miche miaka mitatu mfululizo, akapewa chai isiyo na sukari. Kwetu hilo ni kofi. Aliinywa yote, akashukuru, akaenda kukaa majarubani kwake mkiani mpaka jua likazama. Alikonda hadi kanzu yake ya Ijumaa ikawa inamzunguka.

Mnasema maji yakimwagika hayazoleki. Yeye alijaribu kuyazoa. Alipanda gari la kabichi hadi mjini kumwambia Pak Manurung kwamba kulikuwa na kutoelewana. Pak Manurung alimpokea kwa mikono miwili, akamwagizia tambi za kukaanga na yai juu yake, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akauliza, "Mambo yetu yanaendelea vizuri, siyo?" Pak Ngatiran akasema inggih, akala tambi, akarudi na gari lile lile. Bu Rukini akaenda moja kwa moja jikoni. Alimwandalia maji ya moto ya kuoga, na Pak Ngatiran anasema afadhali angempiga na mwiko.

Kampuni, kwa ushauri wa mtu fulani aliyejua desturi zetu, ikagharimia karamu ya kuombea heri kazi ya mabomba. Wanaume wote walialikwa ukumbini. Sisi wanawake tulipika tangu alfajiri: mlima wa wali wa manjano, kuku wazima waliopikwa kwa tui, mboga za nazi, mayai, soya ya kukaanga. Nilikuwa karani mpya wakati ule, na nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Karamu zetu zina utaratibu wake. Kabla ya dua, Pak Modin, kiongozi wetu wa dua, hutaja kusudi la karamu, sentensi moja moja, kwa Kijava cha adabu, na mwisho wa kila sentensi wanaume huitikia kwa pamoja: inggih. Hakuna anayefikiri. Mdomo unaitikia wenyewe na macho yako kwenye kuku. Lakini inggih hiyo siyo ile ya barazani. Ya karamuni inasikiwa na majirani wote, na waliolala makaburini, na Mungu. Hiyo ni ya kukubali, na haina kurudi nyuma. Ndiyo maana jikoni siku ile hapakuwa na mzaha. Bu Sarti alikuwa akikata mboga na machozi yanamtoka, na haikuwa kwa sababu ya vitunguu.

"Tumekusanyika hapa tukiwa wazima," alianza Pak Modin.

"Inggih," ukumbi ukaitikia.

"Tukiwakumbuka waliofyeka msitu wakakifungua kijiji hiki."

"Inggih."

"Na kwa moyo mkunjufu, sisi watu wa Sumberwuni tunaikabidhi chemchemi ya Wuni kwa wageni wetu."

"Bado," akasema Pak Ngatiran.

Alilisema polepole, kama mtu aliyeulizwa kama amekwisha kula. Alikuwa amekalishwa mbele, karibu na ule mlima wa wali, kwa hiyo sauti yake iliwatangulia wengine, na midomo iliyokwisha kufunguka ikabaki wazi. Pak Modin alidhani masikio yanamdanganya, akairudia sentensi yake neno kwa neno.

"Bado, Pak Modin," akasema. "Niwieni radhi. Bado."

Mimi niliibana sinia kifuani. Kisha Pak Karso wa kitongoji cha juu, yule asiye na meno ya mbele, ambaye shamba lake lisingekauka hata mabomba yangekuja, akasema, "Bado." Jirani yake akasema bado. Ikapita kwenye mikeka, safu kwa safu, hadi kwa vijana waliokaa karibu na mlango. Pak Modin ni mtu mwenye busara na alikuwa na njaa; akairuka sentensi ile, akaingia kwenye dua, watu wakasema amina, wakaanza kula.

Pak Manurung, mgeni wa heshima aliyekaa ubavuni mwa Pak Ngatiran, akamwinamia. "Bado mpaka lini, Pak?" Pak Ngatiran akamjibu kwamba mpunga haujavunwa, na ilikuwa kweli, ulikuwa umesimama kijani. Mgeni akatafakari, akala, akapewa fungu lake la kupeleka nyumbani kwenye jani la mgomba kama kila mtu, akaenda zake. Hakuna aliyemkataa, kwa hiyo hakuwa na la kukasirikia. Vigingi viliondolewa wiki ile. Na chai ya Bu Sarti ikarudi kuwa na sukari, tena ya kupitiliza.

Wengi hapa mnadhani kazi iliisha siku ile. Haikuisha, ndiyo kwanza ilianza, na hapa naomba wanaodharau adabu zetu wasikilize. Kusema bado ni kazi. Pak Ngatiran hasemi uongo, hajui, akijaribu masikio yanamwiva. Na Pak Manurung hakuwa mtu wa kukata tamaa. Kila mwaka baada ya mavuno alifika na kopo la biskuti, akakaa barazani, akauliza kama sasa tuko tayari. Kila mwaka ilibidi pawepo na jambo ambalo kweli halijamalizika.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mpunga. Mwaka wa pili Pak Ngatiran alisema mfereji mkuu bado haujajengwa kwa mawe, na kwa kuwa alikwisha kusema, ikabidi tuanze kuujenga. Tulibeba mawe kutoka mtoni, wanaume kwa wanawake, na mabega yangu bado yanakumbuka. Mfereji ulipokaribia kwisha akapata wasiwasi, akagundua banio linavuja. Tukajenga banio. Kisha likaja lango la chuma badala ya lile la mbao, kisha mifereji midogo ya kitongoji cha chini, ambako kwa mara ya kwanza watu wakavuna mara mbili kwa mwaka. Alipoishiwa, akapanda miti inayotunza maji kuzunguka chemchemi, mibringini na minaputi, akamwambia mgeni kwamba miti bado haijashika. Mwaka uliofuata, bado haijarefuka. Leo miti hiyo hukumbatii shina lake peke yako, na chemchemi haijapungua hata kiangazi kile kibaya ambacho vijiji jirani vilinunua maji ya gari.

Kijiji chetu kilipata tuzo ya wilaya kwa mifereji bora. Pak Lurah wa wakati huo alipigwa picha nayo, na hotuba yake ilizungumzia maono. Mimi niliyeiandika hotuba ile nasema leo mbele yenu: hakukuwa na maono. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeogopa kusema hapana, na akaamua kwamba bado yake iwe ya kweli.

Katika kuja na kurudi wale wawili wakawa marafiki. Pak Manurung alijifunza kukunja miguu mkekani. Katika harusi ya binti wa Pak Ngatiran aliimba nyimbo za kwao hadi kuku wakahama ua. Lakini kila alipoondoka, Pak Ngatiran alikuwa akikosa raha siku nzima. Siku moja nikiwa naye kwenye banio aliniita kwa cheo changu cha ukarani, akaniambia, "Bu Carik, yule ni mgeni wangu. Kila mwaka anakuja kwa imani, na mimi namdanganya." Nikamwambia hakuna uongo aliousema. Akasema uongo hauna haja ya kusemwa. Jambo hilo lilimla kwa miaka kumi na minane, na sisi tuliokuwa tukinywa maji yake hatukulitilia maanani.

Mwaka jana Pak Manurung alistaafu. Na mwaka huu ukafika mwaka wa Pak Ngatiran. Kampuni ilijua. Barua haikuhitajika, mambo ya aina hii husafiri na magari ya kabichi. Tukasikia kijana wao mpya, Mas Yoga, atakuja kwenye mkutano wa kijiji kumuuliza mgawa maji mpya.

Mgawa maji mpya ni Mbak Wiji, binti wa Bu Sarti. Mnamjua. Anauza pilipili gulioni, na mteja akimwambia bei imezidi humshauri akale ndizi. Alishinda uchaguzi kwa haki, na kazi anaiweza. Pak Ngatiran alimfundisha mwezi mzima: namna ya kusikiliza mfereji unaovuja, namna ya kuingiza mkono kwa kaa, na zaidi ya yote namna ya kusema bado. Alimwandalia sababu kama mtu anayemfungia mtoto chakula cha safari. "Akikuuliza, mwambie kitalu bado. Akiendelea, mwambie Pak Lurah bado hajatulia." Wiji alimjibu, "Inggih, Pak." Na Pak Ngatiran, ambaye anaijua inggih kuliko mtu yeyote duniani, alimtazama machoni akaingiwa na hofu. Ufunguo wa lango la chuma aliendelea kuufunga kiunoni. Pak Lurah alimkumbusha mara kadhaa aukabidhi, akajibu bado. Hatukumcheka. Tulijua anachoogopa: kwamba ulimi mmoja utateleza mara moja, na maji yataondoka.

Alhamisi iliyopita ukumbi ulijaa hadi nje. Mas Yoga ni kijana mpole mwenye viatu visafi. Alikunywa chai yake, akasifu kijiji, kisha akamgeukia Wiji.

"Mbak, kampuni ingependa kujua kama sasa kijiji kiko tayari kutukabidhi chemchemi."

Niliketi karibu na Pak Ngatiran. Midomo yake ilikuwa inalitamka neno kimyakimya, akimsaidia.

"Hapana, Mas," akasema Wiji.

Sidhani neno hilo limewahi kusemwa ndani ya ukumbi ule mbele ya mgeni. Pak Lurah alikohoa. Bu Sarti alijifunika uso kwa mtandio. Wiji mwenyewe sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, kama anayempa mteja chenji. "Leo hapana, na mwakani hapana. Maji haya yana watu wake. Lakini mihogo ipo, Mas, karibu ule."

Mabega ya Mas Yoga yakashuka, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo. "Pak Manurung aliniagiza," akasema. "Aliniambia, wakikujibu bado, rudi tena mwakani, hiyo ndiyo kazi yako. Lakini siku watakayokujibu hapana, waamini, na usiwasumbue tena."

Pak Ngatiran aliinua kichwa. "Kumbe Pak Manurung alijua?"

"Alijua tangu ile siku ya karamu, Pak. Anasema ofisi ilimtuma aulize, naye aliuliza. Ila alichokuwa anakuja kukitazama ni miti imefika wapi."

Nimemfahamu Pak Ngatiran tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kumwona akilia. Alilia pale pale, mbele ya kijiji kizima, bila kujificha. Bu Rukini alimfinya mkono, akasema kwa sauti ambayo tulioko karibu tuliisikia, "Umesikia, Pakne? Hukumdanganya mtu." Kisha mzee akafungua kamba kiunoni, akatoa ufunguo wa lango, akautia mkononi mwa Wiji na kuvifunga vidole vyake juu yake. Mas Yoga alikula mihogo, akaomba mingine ya njiani, akapewa.

Watu wameanza kusema kwamba hapana ya Wiji imefanya kwa dakika moja kile ambacho bado ya Pak Ngatiran ilishindwa kwa miaka kumi na minane. Nakataa, na nakataa kwa maandishi. Miaka kumi na minane iliyopita tungesema hapana tukiwa hatuna mfereji wa mawe, hatuna miti, watu wa kitongoji cha juu na cha chini hawaaminiani, na mwaka wa njaa ungetufikia tukaibadili wenyewe kuwa inggih. Mtu huyu alitushikia mlango kwa mguu mpaka tukapata nguvu ya kuufunga. Nampenda kwa hilo, na nasikitika kwamba ilinichukua muda huu wote kumwambia.

Pak Ngatiran, kijiji cha Sumberwuni kinakushukuru kwa maji, kwa mifereji, kwa miti, na kwa kila mtu uliyemuuliza habari za mama yake. Majaruba ya mkiani unayarudisha leo, na tunajua kila asubuhi utapita kuyachungulia ukijidai unaelekea kwingine, tutajifanya hatukuoni. Bu Rukini, asante kwa kutuazima mumeo. Sasa mchukue, mlishe, mnenepeshe. Mungu awape umri wa raha, wajukuu wenye kelele za kiasi, na usingizi ambao hakuna mtu atakayeubishia hodi kwa ajili ya zamu yake ya maji.

Chakula kiko tayari. Na ule upande wa kulia wa mkeka wako, Pak, tumeuacha wazi makusudi. Pak Manurung yuko njiani na kopo lake la biskuti. Safari hii haji kuomba kitu.